Mapera ya Kifuniko

Nilimuambia Rosine hapana. Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu nilipiga mwiko juu ya meza mpaka jirani akauliza kupitia ukuta kama kuna shida. Nikamujibu hakuna shida, ni mutoto wangu tu anataka kuniua. Kwetu Mabanga, mutaa wa Goma, nyumba ni za mbao. Mutu akipiga chafya kwake, wewe unamuombea afya ukiwa kwako.

Shida ilikuwa mapera. Rosine anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja karibu na ziwa, na mupishi mukubwa wa pale, Papa Harelimana, alimufundisha kitu cha wazungu. Unachukua pera kubwa, unalikata kichwa, unakomba mbegu, unalijaza fromaji, halafu unalirudishia kichwa chake kama kifuniko na unaliivisha polepole kwa moto wa juu na wa chini. Mugeni anafunua mwenyewe, fromaji inavutika kama uzi, na kila mutu anafurahi. Fromaji ninauza mimi mwenyewe, jibini ile ya Masisi, sokoni wananiita Mama Fromaji. Basi Rosine aliona ni mupango wa Mungu kabisa: mama anatoa fromaji, mutoto anapika, wakwe wanakula.

Wakwe, ndiyo. Aubin, kijana wa watu wa upande wa Bukavu, alikuwa analeta wazazi wake Jumamosi saa tisa kuja kugonga mulango. Ni ziara ile ya kwanza, kabla mutu hajataja ng'ombe wala mbuzi, wanakuja tu kukaa, kuangalia nyumba na kuangalia mama ya musichana ni mutu wa namna gani.

Sasa, kama wewe si mutu wa Kivu, labda hujui. Hapa watu wanaogopa sumu kuliko risasi. Risasi unaisikia. Ukienda kwa watu, chupa ya Fanta inafunguliwa mbele ya macho yako. Ikitoka jikoni imeshafunguliwa, unasema aksanti, leo tumbo langu haliko sawa. Ukitoka kidogo kwenda chooni, ukirudi hugusi tena glasi uliyoiacha. Na chakula, mupishi ndiye anaonja wa kwanza, mbele ya wageni wote, kutoka sahani ileile. Hakuna anayeona haya juu ya hiyo, ni adabu kama kunawa mikono. Sasa niambie: mapera kumi na mawili, kila moja na tumbo lake, kila moja na kifuniko chake, mupishi ataonja namna gani? Akila moja, yale kumi na moja nani anajua ndani mwake kuna nini?

Rosine alicheka. Alisema hayo ni mambo ya wazee, wageni wa hoteli wanakula na hakuna anayeuliza. Nikamuambia wageni wa hoteli hawaji kuoa mutoto wangu. Akasema mama, wewe unaogopa kila kitu. Hapo alisema kweli.

Lakini alifikiri ninaogopa maneno ya wakwe. Woga wangu ulikuwa na jina, na jina lake ni Mukamugema.

Miaka kumi imepita. Tulikuwa tunakaa Kiwanja, muji mudogo mbali na Goma, mimi ni mujane, Rosine ana miaka kumi na mbili. Siku ile nilishinda sokoni na maharagi yangu tangu asubuhi. Mutoto akataka kunifurahisha, akapika sombe, mboga ya majani ya muhogo, peke yake, mara ya kwanza katika maisha yake. Na kwa sababu ana moyo mwema, kabla hata sijarudi alipelekea sahani Mukamugema, jirani na rafiki yangu, aliyekuwa anamusuka nywele kila juma. Nani atamuambia mutoto aonje kwanza, kati ya marafiki? Jua liliposhuka nilimukuta Mukamugema kwenye mukeka wake, anashika tumbo, midomo imebadilika rangi. Moto, yaani pikipiki ya kukodi, ikamupeleka hospitali. Hakufika asubuhi. Waliandika tumbo, basi, wakafunga karatasi.

Rosine hakuwa amekula. Alikuwa ananingoja tule pamoja. Nilimwaga sufuria yote chooni, nikamuambia imeingia mafuta ya taa. Kulipokucha, Rosine bado amelala, wanaume walikuwa mbele ya mulango wangu, na neno lao lilikuwa moja tu: nani alipika?

Nikasema mimi.

Majani ya muhogo, usipoyatwanga vizuri na kuyachemsha masaa mengi, yana ubaya wake yenyewe. Kila mama anajua. Mutoto wa miaka kumi na mbili anajua? Sikumuuliza aliyachemsha namna gani. Sikutaka kusikia jibu, wala siku ile, wala baadaye. Walinipa mpaka saa sita niondoke. Nilimuambia Rosine waasi wanakuja, na kwetu neno hilo halihitaji ushahidi. Saa nne tulikuwa juu ya pikipiki na godoro letu, tunapita Kibati kuja Goma, yeye anauliza kama Mama Mukamugema naye anakimbia. Nikamuambia ameenda kwa ndugu zake Uganda.

Tangu siku ile sombe haijaingia nyumbani kwangu. Nilisema tumbo langu linaikataa. Na Mungu naye ana mizaha yake, mutoto huyo akachagua kazi ya kupika. Kila siku akienda hotelini mimi niko sokoni ninakata fromaji vipande vimepinda, wateja wanafikiri ni macho. Halafu juma lile la wakwe, ananiambia huku anacheka: mama, ndoa ikifika tutafute namba ya Mama Mukamugema, yeye alinisuka, lazima aone harusi yangu. Nilienda nyuma ya nyumba nikafua nguo zilizokuwa safi.

Goma nzima ingeniita mulozi, ningebeba. Ndoa ingekufa, ningelia na ningenyamaza. Rosine asijue kwamba Mukamugema amekufa, na amekufa kwa chakula alichopika yeye Rosine: hiyo tu ndiyo niliyoiomba katika kila misa, miaka kumi.

Jumamosi asubuhi mapera yakafika. Achille, muchuuzi wa matunda, aliyaleta kutoka wapi? Kutoka Kiwanja. Nilipoona jina limeandikwa kwa kalamu kwenye gunia nilitaka kumurudishia. Rosine alikuwa ameshalifungua, ananusa, anachagua makubwa yaliyokaza bado, kwa sababu lililoiva sana linapasuka motoni. Alikata vichwa kwa kisu kidogo, akakomba mbegu kwa kijiko cha chai, akakwaruza fromaji yangu ile ngumu ya miezi mitatu, akachanganya na asali kidogo na pilipili ya unga. Alijaza, akafunika, akashikiza kila kifuniko kwa kijiti cha meno. Kwenye sufuria kubwa aliweka muchanga chini, sinia juu ya muchanga, mapera juu ya sinia. Sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, makala chini, na makala mengine juu ya kifuniko cha bati. Anajua kazi yake, sikatai. Harufu ilikuwa nzuri, na mimi nikafungua madirisha yote.

Nilimuomba ayaache wazi, bila vichwa. Akasema yatakauka. Nilimuomba ayakate vipande, tuweke kwenye sahani moja, nionje kipande mbele ya watu. Akasema mama, uzuri wake wote ni kufunua. Basi nikaomba kitu kimoja cha mwisho: wakiuliza nani amepika, wewe nyamaza, nitasema ni mimi.

Aliweka kijiko chini. "Unaona haya na mikono yangu, mama?"

Nikamuambia hapana. Akangoja niongeze neno, nami nikaanza kupanga glasi. Akarudi kwenye mbabula yake na hakuniahidi kitu.

Saa tisa na dakika tano walifika. Baba ya Aubin ni Muzee Baharanyi, aliyekuwa karani, mutu wa koti na kalamu mufukoni. Mama ya Aubin, jina lake Clotilde, mwanamuke munene na mupole wa kusema, alikaa mbele yangu. Na shangazi yake Aubin, dada ya muzee, Mama Jeanine, mwembamba, rozari kwenye mukono, macho yake yalishapita kwenye kila kona ya nyumba kabla hajakaa. Aubin alikaa karibu na mulango, jasho linamutoka. Tulisalimiana, muzee akasali, nikafungua chupa moja moja mbele yao, nikajimiminia mimi kwanza, nikakunywa. Yote yalikwenda vizuri. Mugeni aje mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikuwa ninahesabu tu dakika za wao kuondoka.

Rosine akaingia na sinia. Mapera yamekunjana ngozi, yanang'aa, kila moja na kofia yake. Akaweka moja moja kwenye sahani za wageni. Muzee akasema hii sijawahi kuona. Mama Jeanine akageuza sahani yake polepole, upande huu, upande ule, halafu akauliza vizuri kabisa, kama desturi inavyotaka, nani amepika tumushukuru.

"Mimi," nilisema.

"Mimi," Rosine alisema, wakati uleule.

Nilimusikia jirani upande wa pili akizima radio yake. Nikacheka, na kicheko kilitoka kibaya. Nikasema mutoto alinisaidia tu kukata. Rosine akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kuinamisha kichwa, kwamba mama hakugusa hata kijiti kimoja. Alifikiri ninamunyang'anya heshima yake mbele ya wakwe, na ningekuwa yeye ningefikiri hivyo pia.

Basi woga ukanishika mikono. Nilichukua pera kutoka kwenye sinia, nikalifunua, nikala. Fromaji ilikuwa moto, ikashika juu ya mudomo kama lami. Nikachukua la pili, nikala. Nikanyoosha mukono kwenye sahani ya Mama Jeanine mwenyewe, nikafunua pera lake, nikala na machozi yananitoka, kwa kuungua au kwa kitu kingine, sijui. Nilitaka tu waone. Kumbe waliona.

Mama Jeanine alisukuma sahani yake kwa ncha za vidole. "Nimeona mama wengi wanaonja," alisema. "Sijaona anayeonja matatu na analia."

Muzee akaweka uma chini. Aubin akasimama, hajui anasimama kufanya nini. Nilisikia mioyo yao inafunga mulango mumoja mumoja, ninaijua ile sauti, niliisikia Kiwanja. Hapo ndipo Mama Aubin alinyoosha mukono wake mukubwa na kuuweka juu ya wangu.

"Mama Rosine," alisema, "acha kujichoma mudomo. Mambo ya Kiwanja tunayajua."

Nikamuambia Rosine haraka aende alete maji. Jagi la maji lilikuwa katikati ya meza. Hakusogea.

"Kiwanja kuna nini?" Rosine aliuliza.

Nikamuangalia Mama Aubin ndani ya macho, nikamuambia naomba, si leo. Niliomba kweli, nilimushika mukono kwa nguvu. Lakini yeye machoni mwangu aliona aibu ya mutu aliyesingiziwa, hakuona kitu kingine. Alitaka kunifuta machozi. Wema ukishaanza kusema, haurudi nyuma. Akasema nisione haya. Akasema kabla ya kuja walituma mutu Kiwanja kuulizia, kama familia yoyote inavyofanya. Mutu huyo alirudi na maneno mawili. La kwanza lilisema mimi ni mulozi, niliua jirani yangu Mukamugema kwa sombe. Na kwa hilo Mama Jeanine alitaka jambo hili life palepale. La pili lilitoka kwa bibi mumoja aliyekuwa anauza maharagi karibu na mimi.

"Yule bibi alisema hivi: mama ile alikuwa na mimi sokoni siku nzima, hakupika kitu. Ni mutoto alipika, na mama akabeba kosa juu ya kichwa yake." Mama Aubin alinipiga piga mukono. "Nikamuambia bwana yangu, mutoto wetu akaoe kwenye nyumba hiyo."

Hakuna mutu amewahi kuniheshimu vile. Na hakuna mutu amewahi kuniumiza vile. Sikuweza kugeuka. Nilisikia sinia ikiwekwa chini, taratibu, kwenye sementi.

"Mama Mukamugema alikufa?" Rosine alisema.

Mama Aubin alimuangalia yeye, akaniangalia mimi, na nikaona uso wake unaelewa, umechelewa. Akaweka mukono juu ya mudomo wake.

Rosine alikuwa amekaa chini pale karibu na mapera yake. Alisema polepole, kama mutu anayesoma kitu kilicho mbali. "Makala iliisha. Sombe ilichemka mara moja, makala ikaisha. Niliona rangi imebadilika, nikafikiri imeiva."

Miaka kumi nimeikimbia sentensi hiyo. Ilinikuta kwenye kiti changu, mbele ya wakwe, na fromaji bado iko kwenye meno yangu. Nilimuambia hakuna aliyepima, hakuna anayejua, watu wanakufa na tumbo kila siku. Sauti yangu yenyewe haikuniamini.

Akainuka. "Musikule," aliwaambia wageni. "Naomba, musikule." Akaanza kukusanya sahani, ya muzee, ya Aubin ambaye alijaribu kumushika mukono na hakuweza. Alipofika kwa Mama Aubin, mama yule hakuachia sahani. Rosine alivuta, yeye akashika. Walikaa hivyo, wanawake wawili na sahani moja. Mwishoni Rosine ndiye aliyeachia. Mama Aubin akatoa kijiti cha meno, akafunua kifuniko. Fromaji ilikuwa imeshapoa, haikuvutika tena. Akala pera lote, na kifuniko chake pia, bila kuharakisha, na sisi wote tunamuangalia anavyotafuna. Muzee Baharanyi akaomba lake lirudishwe, akala nusu. Mama Jeanine hakula. Sikumulaumu, na mpaka leo simulaumu.

Waliondoka kabla ya saa kumi na moja. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Kwenye mulango Mama Aubin aliniambia tu, nisamehe, sikujua kwamba yeye hajui. Rosine alikuwa ameingia chumbani kwake na amefunga.

Usiku huo sitauelezea. Nilikaa na simu kwenye mapaja. Kama muzee angepata hata kuhara kidogo, kwa pombe, kwa uzee, kwa chochote, mutoto wangu asingeshika tena kisu wala sufuria, na labda asingeishi. Nilisali rozari nikasahau niko kwenye fumbo gani, nikaanza tena. Saa kumi na mbili na nusu simu ililia, nikaiangusha, nikaiokota.

"Wote tumeamka," Mama Aubin alisema. "Muambie yeye mwenyewe. Wote tumeamka, na muzee anauliza yale yaliyobaki nani amekula."

Nilienda kugonga chumba cha Rosine. Hakuwa ndani. Nilitoka barabarani na kitambaa tu na miguu mitupu juu ya mawe ya volkano, ninaita jina lake kama mwendawazimu, watu wa misa ya kwanza wananipisha. Nikamuona anatoka upande wa soko. Alikuwa amebeba kifungu kikubwa cha majani ya muhogo, na gunia zima la makala kichwani.

Nikamuambia maneno ya Mama Aubin. Akatikisa kichwa kidogo, hakutabasamu. Aliweka majani juu ya meza ileile, akaniambia nimuonyeshe.

Tulitwanga pamoja. Nilimuonyesha maji ya kwanza yanamwagwa, na kifuniko kinabaki wazi ili ubaya utoke na mvuke. Aliweka saa ya simu mbele yake na hakuondoka kwenye mbabula. Makala ikipungua, anaongeza. Ikipungua tena, anaongeza tena. Sombe ya masaa mawili aliichemsha masaa matano. Mara moja tu aliuliza kama Mama Mukamugema alimutaja, mwishoni. Nikamuambia ukweli: alisema sahani ya mutoto iosheni, muirudishe safi.

Ilipokuwa tayari, akapakua sahani moja katikati yetu, akashika kijiko. Mukono wake ukabaki hewani. Desturi inasema mupishi ndiye anaonja wa kwanza. Nilinyoosha mukono mbele ya wake, nikachota, nikala.